Jogoo wa Mzee na Mitetea Watano wa Rangi ya Asali

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wa 15 nikiishi Uingereza, katika kijiji kimoja cha Sussex Mashariki, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Jambo ninalokuandikia nikiwasimulia ndugu zangu wa nyumbani huangua kicheko, kwa sababu linahusu manyoya ya kuku, lakini mimi limenikosesha raha tangu mwezi wa Agosti.

Miaka 8 iliyopita nilizoeana na jirani yetu, mzee wa Kiingereza ambaye sasa ametimiza miaka 82. Amefuga kuku wa maonyesho wa aina ya Light Sussex, yaani Sussex weupe wenye weusi shingoni na mkiani, tangu ujanani, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua: namna ya kumshika kuku asipapatike, namna ya kumwogesha siku mbili kabla ya maonyesho, na namna ya kumtazama kwa jicho la hakimu. Kwetu Pangani anayeuliza rangi ya kuku ni mganga. Hapa nimekuta watu wazima wanaobishana jioni nzima juu ya unyoya mmoja. Baba yangu alipofariki nami nikashindwa kusafiri kwenda kumzika, mzee huyu alikuja akaketi nami jikoni hadi usiku wa manane, bila maneno mengi. Kwa hiyo usimhesabu kuwa mwalimu wangu wa kuku tu.

Oktoba mwaka jana alivunjika nyonga. Aliwagawa kuku wake wote, na mimi akanipa jogoo bora, wa mwisho wa ukoo alioutunza kwa zaidi ya miaka 50. Ni jogoo mwenye kifua kipana na mgongo mrefu ulionyooka, na michirizi myeusi ya shingo yake imezungukwa na ukingo mweupe kama iliyochorwa kwa kalamu. Mwanzoni mwa Machi nikanunua kwa mfugaji wa mbali kidogo mitetea watano weupe, wazuri, waliokuwa wakizurura uwanjani pamoja na kuku wake wengine wa kila aina. Niliwaingiza kwa jogoo siku ile ile, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikaanza kukusanya mayai siku ya tano.

Katika mayai 30 walitoka vifaranga 23. Mmoja alikufa, wakabaki mitetea 11 na mapora 11. Wachache walitoka na malaika, yale manyoya laini ya kifaranga, ya kahawia badala ya manjano mepesi, nikajiambia kwamba yatabadilika wakiota manyoya. Hayakubadilika. Mitetea watano leo wana mwili wa rangi ya asali, na weusi wa shingo na mkia upo pale pale. Mapora wote ni weupe, ila wanne wana umanjano mabegani na kiunoni, kama kanzu iliyokaa sandukuni miaka. Kuku watatu, weupe, wana vitone vyeusi mgongoni. Na jogoo mwenyewe, aliyekuwa mweupe mwezi Machi, majira ya joto yalipokwisha mgongo wake ulikuwa umefanana na majani makavu.

Sasa nimebanwa pande tatu. Mzee amewatangazia wenzake wa zamani kwamba ukoo wake utaonekana tena katika maonyesho ya Novemba, na amemwomba binti yake ampeleke kwa kiti cha magurudumu. Mwanachama mwenzangu wa chama cha wafugaji wa kuku, baada ya kumwona pora wangu bora, amenishauri ning'oe manyoya yake sita ya manjano na mawili meusi usiku wa kuamkia maonyesho, ati wote hufanya hivyo. Tena mwezi Mei nilimuuzia mama mmoja mayai dazeni mbili ya kutotolesha, nikamhakikishia kuwa ni Sussex weupe wasio na doa. Tangu nilipoona mitetea wangu wamegeuka rangi, namba yake ikitokea kwenye simu naiacha iite hadi ikate.

Mke wangu asema nimrudishie mzee jogoo wake, au nimchinje tumle pamoja na wale watano, yaishe. Mimi kila nikimtazama jogoo najiuliza kama mzee alijua alichonipa. Naona haya kuwaza hivyo, lakini wazo halinitoki. Je, nimwambie ukweli na kumvunja moyo katika umri huu, au ninyamaze, ning'oe manyoya, nimwache aione Novemba yake?

Mfugaji wa Sussex

JIBU

Marahaba, mwanangu. Wanaocheka waache wacheke. Mtu akikupa kitu alichokitunza kwa miaka 50, kisha kikatoka na ila mikononi mwako, hakuna kichekesho hapo, hata kama kitu chenyewe kina upanga na makucha.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nikawa na kalamu mkononi, kwa sababu niliona kwamba umesuka mambo mawili kama ukili. Liko la kuku, na liko la mzee. Umeanza na la kuku, ukatoa hukumu kwamba jogoo ndiye aliyeharibu, kisha juu ya hukumu hiyo ukajenga shaka juu ya mtu aliyekesha nawe siku ya msiba. Niruhusu niirudie hukumu ya kwanza kabla hatujafika kwenye ya pili, maana sioni kama ushahidi umekamilika.

Kasoro ulizozitaja ni tatu, nawe umezitia zote katika kapu moja. Umanjano wa mgongo wa jogoo si lazima utokane na damu. Jua hufifisha na kuunguza manyoya meupe, na mgongo ndio unaopigwa zaidi. Mahindi ya manjano nayo huweza kuyatia rangi manyoya yanapokuwa yanaota, ndiyo maana wafugaji wa zamani wa kuku weupe huyapunguza wakati kuku ananyonyoka, na huwatafutia kivuli. Wewe uliandika mwenyewe kwamba jogoo alikuwa mweupe Machi. Sasa ni majira ya kunyonyoka. Mshike, fungua manyoya ya mgongoni, utafute unyoya mpya ambao bado umo ndani ya ala yake na haujaliona jua. Ukitoka mweupe, lawama ni ya jua. Ukitoka tayari na umanjano, basi ni chakula au ni nasaba, na hapo tuendelee kuuliza.

Vitone vyeusi ni habari nyingine kabisa. Sussex mweupe anadaiwa mambo mawili yanayovutana: weusi mzito shingoni na mkiani (na kiasi katika manyoya makubwa ya mbawa), na weupe safi kila mahali pengine, hata kwenye rangi ya ndani karibu na ngozi. Ukichagua miaka mingi kuku wenye shingo nyeusi sana, weusi huanza kuvuja mgongoni. Ukichagua waliotakata sana, shingo hufifia. Wafugaji husawazisha kwa kumpandisha mwenye weusi mwingi kwa aliyetakata, na hawamalizi kusawazisha maisha yao yote. Vitone kwa kuku watatu kati ya 22 visikunyime usingizi.

Wale mitetea wa rangi ya asali ndio wenye neno. Weupe wa Sussex unatokana na chembe ya urithi ambayo wafugaji huiita fedha, na mwenzake huitwa dhahabu. Fedha huifunika dhahabu, ingawa si kikamilifu. Chembe hizi zimekaa kwenye kromosomu ya jinsia, ule uzi wa urithi unaoamua kama kifaranga ni wa kike au wa kiume, na kwa kuku mpango ni kinyume cha wetu wanadamu: jogoo ana nafasi mbili, mtetea ana moja. Kwa hiyo jogoo anaweza kubeba fedha na dhahabu pamoja, akaonekana mweupe au mweupe mwenye umanjano kidogo, na siri yake isijulikane. Mtetea hana pa kuficha. Akiwa mweupe, ana fedha. Akiwa wa asali, ana dhahabu. Unachokiona ndicho alicho nacho. Tena mtetea hupokea chembe hiyo kwa baba yake peke yake, kwani ya mama huenda kwa watoto wa kiume tu.

Tazama sasa kuku wako kwa jicho hilo. Mitetea watano ulionunua wametoka hatiani, maana ni weupe. Rangi ya asali imetoka kwa baba. Nisikufiche: watano kati ya 11 ni karibu nusu, na nusu ndiyo hasa tungeitarajia kama jogoo wa mzee angekuwa amebeba dhahabu chini ya fedha.

Lakini ni baba yupi? Umesema mitetea walitoka uwanjani kwenye kuku wa kila aina, nawe ukaanza kukusanya mayai siku ya tano. Kuku jike huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake, na mayai yanaweza kuendelea kurutubishwa kwa wiki mbili, hata tatu, baada ya kutengwa na jogoo huyo. Kama kule walikotoka palikuwa na jogoo mwenye dhahabu, tuseme Rhode Island Red, kuku wa rangi nyekundu, basi baadhi ya mayai yale 30 yangeweza kuwa yake. Binti zake wangekuwa wa asali au kahawia wote, na wanawe wa kiume wangekuwa weupe wenye umanjano mabegani. Hayo si maajabu. Mtaalamu wa Cambridge, Reginald Punnett, alipendekeza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwamba rangi za namna hii zitumiwe kutenganisha vifaranga vya kike na vya kiume, na jogoo wa Rhode Island Red juu ya mitetea wa Light Sussex ikawa mojawapo ya pandisho maarufu kabisa katika mashamba ya Uingereza. Ulichokiona bandani mwako wengine wamekitafuta kwa makusudi.

Basi ushahidi ulionao unaafikiana na hadithi mbili. Katika moja jogoo wa mzee amebeba dhahabu. Katika nyingine hana kosa lolote, na haraka yako ya Machi ndiyo iliyokuponza. Huwezi kuzitenganisha kwa kuwatazama mitetea hao hao kila asubuhi.

Anayeweza kuzitenganisha ni yule mama ambaye simu yake huipokei. Ulimuuzia mayai mwezi Mei. Kufikia hapo mitetea walikuwa wamekaa na jogoo wa mzee peke yake kwa miezi miwili, na mbegu za jogoo mwingine zilikuwa zimekwisha zamani. Dazeni mbili zile ndizo mayai safi kuliko yote uliyopata mwaka huu, nawe umekuwa ukiikimbia habari yake. Kama katika mitetea wake wamo wa asali, jogoo amebeba dhahabu, na tunakuwa tumemaliza kubishana. Kama alipata mitetea wanane na wote ni weupe, ni sawa na kurusha sarafu mara nane ikaangukia upande uliouchagua kila mara: huweza kutokea, lakini mara moja tu katika 256. Sharti awe na hakika kwamba hakuchanganya mayai yako na mengine katika mashine yake ya kutotolesha. Sikuambii kwamba kumpigia ni rahisi. Huenda amekasirika, huenda atataka pesa zake, na ukiona ni haki yake, mrudishie. Lakini pia huenda anapiga kukushukuru, nawe umemhukumu bila kumsikia. (Huo ni mwenendo wa pili wa namna hiyo katika barua moja, nakutajia tu.)

Kama mama huyo hana hesabu ya kuaminika, unayo njia nyingine, nayo imesimama bandani mwako. Mitetea wale watano unaowaonea haya ndio kipimo kizuri kuliko vyote. Ukimpandisha jogoo kwa mitetea weupe, ni watoto wa kike tu wanaokupa jibu. Ukimpandisha kwa mitetea wa asali, kila kifaranga, wa kike na wa kiume, anakupa jibu, kwa kuwa mama zao hawana fedha ya kumfunikia. Jogoo akiwa safi, wote watatoka weupe au weupe wa manjano. Akiwa amebeba dhahabu, karibu nusu watatoka na malaika ya kahawia siku ile ile ya kutotolewa. Hata kama ni binti zake haidhuru, kwa sababu vifaranga vya kipimo havitunzwi kwa mbegu. Watenge na mapora kwa majuma matatu kwanza, nawe ungoje siku zirefuke mwezi Februari ili watage vizuri. Ndiyo maana nasitasita juu ya shauri la mkeo la kuwachinja wote sasa. Si kwamba ni kosa kumla kuku. Sussex walilishwa na kunoneshwa kwa ajili ya soko la London kabla ya mtu yeyote kuwafikisha mbele ya hakimu. Ila ukiwachinja leo, umechinja na mashahidi.

Tuchukulie sasa lile unaloliogopa, kwamba jogoo amebeba dhahabu. Je, ukoo wa mzee umekufa? Rudi kwenye lile tulilosema, kwamba mtetea hana pa kuficha. Una binti sita weupe. Kama hao ni wake, wamechukua kifua chake na mgongo wake, na hawana hata chembe ya dhahabu ndani yao, wala hawawezi kuipitisha. Mapora ndio wa kutiliwa mashaka, hata waliotakata. Ukiwaweka binti hao chini ya jogoo safi wa ukoo mwingine, dhahabu inakwisha katika kizazi kimoja. Hasara yake ni kwamba jogoo mgeni atakuja na mambo yake, pengine shingo iliyofifia au mgongo mfupi, nawe utatumia miaka kadhaa kulirudisha umbo ulilokuwa nalo. Njia nyingine ni kuendelea kumtumia jogoo huyu, kutunza binti weupe tu, na kukubali kila mwaka kuwa na mitetea wa asali wa kutaga mayai ya nyumbani. Wapo wafugaji wenye subira hiyo, na wapo wasioiweza. Kumrudishia mzee jogoo ni njia ya tatu, lakini kumrudishia mtu mwenye nyonga iliyovunjika jogoo aliyekupa kwa kuwa hawezi kumtunza, sijui atalipokea vipi.

Kuhusu kung'oa manyoya, wewe na mimi tunajua kwamba kanuni za maonyesho zinakataza udanganyifu wa namna hiyo, na kwamba kuku akigunduliwa huondolewa. Mwenzako anasema wote hufanya hivyo. Wafanyao wapo, na mstari wenyewe haukunyooka kama tungependa: kumwogesha kuku kwa sabuni ni halali, na wapo wazee waliokuwa wakitia matone ya bluu katika maji ya mwisho, ile ile ya kufulia mashati ya shule, ili weupe ung'ae. Kutoka bluu hadi kung'oa unyoya ni hatua ngapi? Mimi naona tofauti, nawe nadhani unaiona, kwa sababu hukuniuliza juu ya sabuni. Jiulize pia ung'oaji huo ungemdanganya nani. Hakimu ana dakika chache mbele ya tundu. Mzee ana miaka zaidi ya 50, na mkono wake ukipita juu ya bega la pora huyo utazikuta nafasi nane tupu hata kama amefumba macho.

Hapo tumefika kwake. Unauliza kama umwambie ukweli, kana kwamba ukweli unao na yeye hana. Mtu aliyefuga ukoo mmoja muda wote huo huenda amekwisha kuwaona mitetea wa asali kabla hujazaliwa. Huenda wakati fulani damu ilipochoka alimwingiza Sussex wa rangi ya asali kwa makusudi, ili kuokoa umbo, kwani hao ni ndugu wa karibu mno wa weupe, wakitofautiana hasa kwa chembe hiyo hiyo tunayoizungumza. Na huo si udanganyifu, ni ufundi. Huenda alisahau kukuambia, akiwa kitandani na maumivu. Na huenda kweli hajui. Yote hayo bado yanawezekana, pamoja na lile la haraka yako. Ungeweza kumwendea kama mwanafunzi mwenye swali, umbebee mmoja wa mitetea hao kwapani, umwekee mapajani, umuulize: mzee, umewahi kuwaona wa namna hii? Kisha unyamaze, kama alivyonyamaza nawe jikoni. Lakini wewe unamjua, mimi simjui. Kama moyo wake ni dhaifu, au kama binti yake anaona Novemba ndiyo fimbo inayomshikilia, pengine utaanza kwa kuzungumza na binti huyo. Unaweza pia kumpeleka mtetea mweupe kwenye maonyesho badala ya pora, kama yumo aliyetakata kati ya wale sita. Wewe ndiye unayewaona. Ukinyamaza kabisa utaipata Novemba uliyoitaka kwa ajili yake, ila utaketi kando ya kiti chake ukiomba asinyooshe mkono.

Nikuombe jambo moja dogo la kazi. Vifaranga wa kipimo wakitoka, wahesabu kwa rangi ya malaika siku hiyo hiyo, kabla hujawatoa kwenye mashine, na uandike tarehe, mama na baba kwenye daftari. Hata wa Mei, kama yule mama anakumbuka, andika maneno yake kama alivyoyasema. Ukinitumia hesabu hizo, tutazisoma pamoja.